Madirisha ya Bwana Mifugo

Harufu ya banda lake la kuku ilikuwa mali ya kila mtu pale Sekei isipokuwa yeye mwenyewe. Bwana Mifugo alinukia sabuni. Nimekaa naye jirani miaka mingi, kati yetu uzio wa mimea ya masale tu, na sikumsikia akinuka hata siku moja. Suti yake ya kaunda ilikuwa imenyooka kwa pasi, kalamu mfukoni, nywele zimechanwa na maji. Akishika yai, ananawa. Akipeana mkono na mtu, ananawa pia, ila husubiri mtu huyo aondoke. Hilo ndilo lililokuwa likinichefua kuliko kinyesi chenyewe.

Aliyeibeba harufu kwa niaba ya nyumba nzima ni mkewe, Mama Anaeli. Yeye ndiye aliyeingia bandani asubuhi kuokota mayai, mchana kubadili maji, jioni kugeuza maranda yaliyolowa. Aliogea ndimu, alijipaka mafuta ya nazi, lakini wapi. Kanisani alikaa mwisho wa benchi karibu na mlango, mahali wanapokaa wenye watoto wachanga, wakati mwanawe Anaeli alikuwa mtu mzima na kazi yake Mwanza. Mumewe alikaa mbele, na wazee wa kanisa.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu niliiweka barazani kwa sababu ya mwanga, na baraza langu linatazama uani kwao. Kitambaa hunywa harufu, mtu asikudanganye. Siku moja mama mmoja wa Levolosi alinirudishia gauni la kipaimara la binti yake, jeupe, nimelidarizi shingoni kwa mkono wangu. Alilishika kwa ncha za vidole.

"Fundi, hili gauni limelala na kuku?"

Nililifua mara mbili na kulianika upande wa pili wa nyumba. Nilipomweleza Bwana Mifugo kisa hicho, alinisikiliza vizuri sana, kichwa kimeinama, kama daktari. Kisha akasema, "Hamisha cherehani, Fundi." Akaenda zake.

Alikuwa na maneno mafupi ya namna hiyo, na alipenda kuyasema huku anaondoka. "Tutaona" lilikuwa lake. "Kuuliza si bure" lilikuwa lake. Na lile la "atazoea", ambalo hadi leo nikilisikia kwa mtu mwingine, hata kama anazungumzia ndama au kiatu kipya, nainuka naondoka.

Lakini zamani alikuwa na maneno mengine, na lazima niyaseme, maana nisipoyasema mtadhani nilikaa jirani na mjinga. Alikuwa kweli bwana mifugo, wa serikali, mwenye pikipiki na sanduku la sindano. Aliwajua ng'ombe wa mlimani kote huko juu kwa sura zao. Wakati wa kichaa cha mbwa alipita geti kwa geti akiwachoma mbwa wetu wote, hata wale wasio na mwenyewe. Na akiingia kwenye nyumba ambamo kuku wanalala jikoni na watu, anagonga ukuta kwa fimbo, kama mtu anayebisha hodi kutokea ndani.

"Fungua hapa. Hewa ya kwanza, maji ya pili, chakula cha tatu."

Watoto walimfuata nyuma wakiimba maneno hayo. Alikuja kwangu pia, mwaka nilioolewa na kuhamia Sekei kutoka Machame na majogoo wangu na ujinga wangu. Jiko lilikuwa halina dirisha, moshi umetanda, kuku wangu wanakoroma mafua chini ya meza. Hakukaa hata kitako. Alimwita mume wangu, akamchorea kwa mkaa ukutani mahali pa kutoboa, juu, karibu na paa, akasema moshi na joto havina miguu ya kuinama, vinatafuta njia juu. Akasubiri mpaka tundu likatokea. Alikunywa chai yangu, akakataa kuku niliyetaka kumfungia. Dirisha la jiko langu hadi leo ni lile lile la Bwana Mifugo. Na miaka iliyofuata, harufu ya banda lake iliingilia humo humo.

Kilichotokea katikati ni kwamba nchi ilifunguliwa. Mitumba ikajaa sokoni, maduka yakapata sukari, kila mwenye uga akawa mfanyabiashara, na serikali ikasema haina haja ya watumishi wengi kiasi kile. Bwana Mifugo alipunguzwa. Alirudi nyumbani na sanduku la sindano, maana pikipiki waliichukua. Nilimwonea huruma wakati ule, kwa sababu alikaa ndani muda mrefu akisikiliza redio. Alipotoka nje alikuwa mtu mwingine. Mama mmoja alimwita uzioni kumwonyesha jogoo aliyelegea shingo. Bwana Mifugo alimtazama jogoo, akatazama mawingu juu ya Meru, akasema, "Zamani nilikuwa wa serikali. Sasa ni wa kwangu. Kuuliza si bure."

Yule mama alidhani ni utani, akacheka. Hakukuwa na utani.

Banda alilijenga kwa nailoni. Wakati ule mashamba ya maua yalikuwa yameanza kule Usa, si mbali na sisi, na nailoni zao za kufunikia maua zikichoka wanaziuza au wanazitupa. Bwana Mifugo alileta marobota mazima. Akasimika mirunda, akapigilia mabanzi, akaifunga nailoni kuanzia chini mpaka juu na kuzunguka pande zote, akaweka mlango wa bati wenye kufuli. Ilipoonekana kwamba kuku wanaweza kuonekana kutoka nje, aliipaka chokaa. Basi pale uani likasimama kama jino kubwa bovu.

Dirisha hakuweka hata moja. Mtu aliyetoboa majiko ya nusu ya Meru! Nilimuuliza, tena kwa adabu, maana ni mkubwa kwangu.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba, Fundi."

"Hilo banda litapumulia wapi?"

"Julai inakuja," akasema. "Baridi ya hapa unaijua. Vifaranga wakipigwa baridi wanalaliana, asubuhi unaokota maiti."

"Na Januari?"

"Tutaona."

Baridi ilikuwa sababu ya kuambia watu. Sababu yenyewe alinieleza Mama Anaeli. Mumewe hakutaka mtu aone kuku wake wala namna anavyowafuga. Wakati ule kila uga ulikuwa na kuku wa mayai, na yeye aliamini kwamba jirani akichungulia mara moja, atajifunza bure kile ambacho yeye alikisomea miaka. Dirisha, kwake, lilikuwa darasa lisilolipiwa ada. Pia aliogopa jicho. Msomi yule, mwenye sindano, aliogopa jicho la mtu kwa kuku wake.

Niliingia mle mara moja tu. Mlango ulikuwa wazi, nikawa namtafuta Mama Anaeli nimpe sketi yake. Bwana wee! Hewa ya mle ilikuwa na meno. Ilinishika puani kama mkojo wa wiki nzima uliofungiwa kwenye debe, macho yakaanza kutiririka kabla sijaona kitu. Nailoni ilikuwa inatoka jasho, matone yananidondokea shingoni, ya uvuguvugu. Chini, maranda yamekuwa uji mweusi, na mguu wangu ulizama ukatoka bila ndara. Kuku walisimama midomo wazi. Katikati yao Mama Anaeli alikuwa ameinama na koleo, kitambaa kimefungwa mdomoni, anakohoa kikohozi kirefu chenye filimbi mwishoni. Hakunisikia nikimwita. Nilitapika nje, pembeni ya masale, na ndara sikurudi kuitafuta.

Kikohozi hicho ndicho kilichonikosesha raha miaka yote ile. Harufu mtu unaisema, unaizoea, unaipa jina. Lakini mimi nilikaa barazani nikishona, na mapigo ya cherehani yakinyamaza nasikia kifua cha yule mama kinapiga filimbi ng'ambo ya uzio. Mwanzo kilikuwa cha asubuhi tu. Baadaye kikawa cha kutwa. Alikuwa mwanamke wa mlimani, mzoefu wa kupanda na mkungu wa ndizi kichwani huku anaongea, akafika mahali pa kushindwa kutoka kisimani hadi mlangoni bila kuweka ndoo chini. Zahanati walimwambia wazi: ama utoke kwenye hilo banda, ama banda lipate hewa, la sivyo kifua hiki hakitafika mbali. Alirudi akamweleza mumewe mbele yangu.

"Manesi wanajua sindano," Bwana Mifugo akasema. "Mabanda najua mimi."

"Sasa mbona anakohoa?" nikauliza.

"Vumbi la maranda. Atazoea."

"Bwana Mifugo, wewe ndiye uliyetuambia hewa ya kwanza."

"Ya kuku, Fundi. Nilisema habari za kuku. Mke wangu si kuku."

Niliondoka kwa hasira. Kuku wenyewe, kwa taarifa yako, hawakuwa wanaipata hiyo hewa.

Waswahili husema mganga hajigangi, na ningemsamehe kama ingekuwa hivyo tu. Lakini yeye hakuwa mgonjwa. Yeye bandani hakuingia. Alisimama mlangoni na kalamu yake, kiwiko kimekunjwa kisiguse bati, akauliza mayai yapo mangapi, wangapi wamelegea, mbona maji yamemwagika. Mkewe alijibu kutokea ndani, kati ya kikohozi na kikohozi. Akishajibiwa anaondoka kwenda kunawa. Na mayai yenyewe hakula, wala nyama ya kuku. "Najua kilichomo," alisema. Alikula mbuzi.

Siku ya mavuno, usharikani kwetu, watu huleta walichojaliwa, ndizi, maharage, kahawa, mbuzi, na ibada ikiisha vitu vinanadishwa nje ya kanisa. Bwana Mifugo alileta mtetea wa kisasa, amemfunga utepe mguuni. Mzee aliyeendesha mnada alimnyanyua juu kwa mabawa, na pale pale akamsogeza mbali na pua yake. Kuku alikuwa na macho mekundu, yamevimba, yanavuja machozi mpaka mdomoni. Watu wakaanza kusukumana.

"Bwana Mifugo," yule mzee akasema, "kuku wako analia."

"Analia kwa furaha," akajibu bila kufikiri. "Si kila kuku anapewa kuwa sadaka."

Kanisa zima likacheka, mchungaji akacheka, na yule kuku akanunuliwa kwa bei kubwa kwa sababu ya jibu hilo. Alikuwa na ulimi, siwezi kumnyima. Lakini mimi niligeuka kumtazama Mama Anaeli. Alikuwa amesimama nyuma ya watu na leso, na macho yake yalikuwa yale yale ya kuku, mekundu, yamevimba, yanavuja. Hakuna aliyecheka tena upande wangu, maana wote waliofuata macho yangu walimwona.

Januari ilikuja, kama inavyokuja kila mwaka. Jua la mchana lilipiga ile nailoni mpaka chokaa ikabanduka, na alasiri moja Mama Anaeli alifungua mlango akakuta kuku wamelala chali, wamerundikana upande wa mlango walikokuwa wakitafuta pumzi. Bwana Mifugo aliwachungulia, akasema ni mdondo. Mdondo! Ugonjwa gani unaua saa tisa mchana na kuacha saa kumi na mbili jioni jua likizama? Hakutaka kusema neno hewa. Alimkalisha mkewe chini na sufuria za maji ya moto awanyonyoe wote, wale waliokuwa bado wanatapatapa na wale waliokwisha kupoa, na jioni kijana wa supu kutoka Sakina akaja na baiskeli akawachukua. Manyoya yaliruka mpaka kwenye kitenge nilichokuwa nashona. Tangu siku hiyo sijanywa supu ya kuku Sakina, na waliokuwa wakinialika walidhani naringa.

Baada ya hapo ndipo Mama Anaeli alipokuja kuniazima mkasi.

"Wa karatasi au wa kitambaa?" nikamuuliza.

"Wenye kukata nailoni."

Nilimpa mkasi wangu mkubwa, ule ambao hata binti zangu hawaruhusiwi kuugusa. Alikata tundu moja, si kubwa, kiasi cha uso wa mtu, mahali alipokuwa akisimama kuokota mayai. Nililiona kutoka barazani. Kila baada ya muda mfupi uso wake ulitokea pale, unavuta pumzi, unarudi ndani. Alifurahi na tundu lile kama mtu aliyejengewa nyumba. Aliniambia hata kuku walikuwa wamelijua, wanalala chini yake.

Mumewe aliligundua Jumamosi, alipokwenda kupaka chokaa upya. Hakugomba. Alikata kipande cha nailoni, akakikunja vizuri, akaja nacho mpaka barazani kwangu akakiweka juu ya meza ya cherehani.

"Fundi, mashine yako inaweza kushona hii?"

"Ukitaka kushona nini?"

"Kiraka. Kuna mahali pamechanika."

"Hapakuchanika. Pamekatwa, na mkasi wangu."

Akakisogeza kile kipande karibu na sindano. "Basi ni haki mwenye mkasi ndiye ashone."

"Bwana Mifugo," nikasema, "pale anapumulia mkeo. Nimeshona sanda, nimeshona suruali za wafungwa, sijawahi kushona pua ya mtu. Ondoa hicho kitu mezani kwangu."

Akakichukua, akakikunja tena kwa mistari yake ile ile. Alasiri nilimwona akichoma kisu kwenye mkaa na kugandisha kiraka kwa joto, kingo kwa kingo, kazi safi kabisa. Mama Anaeli alikuwa ndani. Aliuona mwanga ukipungua.

Mwezi huo huo kaka yake alishuka kutoka Mulala kuleta ndizi, akamkuta dada yake ameketi kwenye kizingiti anashindwa kusimama kumpokea. Kaka mtu hakugombana na shemeji yake. Alimwachia ndizi, akamchukua dada. Waliondoka na kikapu kimoja, wanasimama kila baada ya hatua chache ili apumzike, na mimi nikawasindikiza mpaka barabarani. Bwana Mifugo alisimama getini. "Ijumaa atakuwa amerudi," akaniambia, "mayai hayasubiri."

Ijumaa ilipita. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sasa hakukuwa na mwingine wa kulala. Bwana Mifugo alitafuta msichana wa kazi, lakini huyo aliingia asubuhi, akatoka mchana, asirudi. Basi ikabidi aingie mwenyewe. Nilimsikia kabla sijamwona. Nilikuwa nasokota uzi, nikasikia kikohozi bandani, nikasimama kwa mshtuko nikidhani Mama Anaeli amerudi. Alitoka Bwana Mifugo, kaunda imelowa mgongoni, ndara zimejaa uji ule mweusi, macho mekundu kama pilipili. Alishika mrunda akainama. Aliponiona alijifuta kwa kiganja.

"Kumbe inawasha," akasema.

Alisema kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayenipa habari. Nikarudi kwenye uzi wangu. Kama ningefungua mdomo, ningemtemea mate.

Juma lile lile aliweka madirisha. Na hapo, jamani, ndipo niliposhindwa kabisa kumtazama, kwa sababu aliyaweka vizuri. Alipima kwa kamba. Alipigilia kwanza fremu ya mabanzi juu ya nailoni ili isichanike zaidi, ndipo akakata kwa wembe ndani ya fremu. Matatu upande wa mlima, matatu upande wa mji, yakitazamana, yote juu, chini kidogo ya paa, kwa sababu joto halina miguu ya kuinama. Ndani akapigilia wavu wa kuku. Nje akatundika mapazia ya gunia, kila moja na kijiti chake cha kukunjia na kamba ya kufungia, yapande asubuhi na kushuka jioni kwa ajili ya baridi. Hakuacha kitu. Alikuwa anajua yote hayo tangu siku ya kwanza! Upepo wa mlimani ukapita ndani, ukatokea upande wa pili, na kufikia Jumapili ningeweza kuanika gauni jeupe barazani. Kifua cha mkewe kilipiga filimbi miaka, asione haja. Chake kilipowasha siku chache, madirisha sita.

Majirani walimsifu. Mmoja alisema, ona, mzee amejirekebisha. Nikamuuliza amejirekebishia nani.

Wiki chache baadaye alikuja kwenye uzio asubuhi, amevaa kaunda safi, amenyoa. Mkononi alikuwa na kisu kidogo. Alichagua tawi la sale kwenye uzio, kwa utulivu, lenye majani mazuri yasiyoliwa na wadudu, akalikata upande wake. Mtu wa Meru akikata sale kwa namna ile huhitaji kuuliza, na sisi wa Machame ni vivyo hivyo. Sale tunalipanda mpakani, na sale ndilo tunalompelekea mtu tuliyemkosea. Anayeletewa hawezi kukataa. Hata damu imemwagwa, likishafika mkononi mwake, anasamehe.

"Fundi," akasema, "wewe anakusikiliza. Nipelekee hili Mulala. Mwambie sasa kuna hewa. Mwambie nimeweka madirisha."

Nililipokea kwa sababu sale halikataliwi hata na mbebaji. Lakini nilichukia njia nzima. Nililiona alilokuwa anafanya. Alikuwa anamfunga yule mama kwa kitu ambacho mama zake na bibi zake hawakuwahi kukikataa. Akisamehe, arudi, madirisha yapo, koleo lipo, na kuku wanasubiri. Zahanati, alipopelekwa tena na kaka yake, walikuwa wameshasema kwamba kifua kile hata vumbi la ghala kisilione tena. Kutoka Tengeru nilipanda kwa miguu, katikati ya migomba na mibuni, na mara mbili nilifikiri kulitupa mtoni. Halitupwi.

Mama Anaeli alikuwa ameketi nje kwa kaka yake anachambua maharage. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Alicheka aliponiona, na kicheko kiliisha bila kikohozi. Aliponiona nimeshika nini, akaacha kucheka, akajifuta mikono kwenye khanga, akasimama, akalipokea kwa mikono miwili.

"Anasema sasa kuna hewa," nikamwambia. "Ameweka madirisha."

"Mangapi?"

"Sita."

Akaligeuza lile tawi, akaniita kwa jina la binti yangu mkubwa. "Aliyaweka lini, Mama Upendo?"

Ningeweza kudanganya. "Juma lile alilolazimika kuingia mwenyewe."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayehakikishiwa jambo analolijua. "Nimemsamehe," akasema. "Mwambie nimemsamehe, na simdai neno lolote." Kisha akachukua jembe lililoegemea mgomba, akaenda mpaka mwanzo wa njia inayoingia uani kwa kaka yake, akachimba kidogo, akalisimika lile tawi, akalishindilia udongo kwa unyayo. Akamwita mtoto wa kaka yake alete maji.

Nilirudi Sekei jioni. Alikuwa ananisubiri uzioni, pengo la tawi alilokata liko mbele ya kifua chake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Amelipokea?"

"Amelipokea. Kwa mikono miwili. Amekusamehe, na anasema hakudai neno."

Uso wake ulifunguka. "Basi atarudi. Kesho nitanunua maranda mapya."

"Amelipanda, Bwana Mifugo."

"Amelipanda wapi?"

"Njiani. Pale mtu anapoingilia kwao."

Mtu wa kutoka nje ningelazimika kumfafanulia kwamba sale likishapandwa ni mpaka, na mpaka hauvukwi. Yeye hakuuliza zaidi. Alisimama amelishika jani moja la uzio kati ya vidole, akilisugua, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nilimwona amekosa neno la kusema huku anaondoka. Nikafikiri sasa atalia. Nikafikiri pengine nitamhurumia, na nikangoja nione kama huruma itakuja.

Upepo wa mlimani ukaanza kushuka, wa baridi. Bwana Mifugo alinyanyua uso akausikiliza, akaliachia lile jani, akaniambia nimwie radhi. Nikaingia jikoni kuwasha moto, nikapanda kigoda, na kwenye dirisha langu nikamwona akilizunguka banda, anashusha mapazia moja baada ya jingine na kuyafunga kwa kamba, kuku wake wasipigwe baridi.